Kanisa Kuu la Chartres: Je, Lilikuwa Kitabu cha Wasiojua Kusoma?

Miongoni mwa maneno ambayo sisi walimu huyapokea na kuyapitisha bila kuyapima ni yale yasemayo kwamba makanisa makuu ya Ulaya ya Zama za Kati yalikuwa vitabu vya watu wasiojua kusoma. Twaambiwa kwamba mkulima wa karne ya 13, asiyejua hata herufi moja, aliingia kanisani, akainua macho kwenye vioo vya rangi na sanamu za mawe, akaisoma Biblia yote kama vile msomi afunuavyo kurasa. Maneno haya yana uzuri wake, na humpendeza sana mwalimu atumiaye picha darasani. Lakini je, ni ya kweli?

Katika makala haya twataka kuyapima kwa kulitazama jengo moja tu, yaani Kanisa Kuu la Bikira Maria katika mji wa Chartres, ulioko kusini-magharibi ya Paris, nchini Ufaransa. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya vioo vyake vya kale ingalipo mpaka leo, jambo ambalo ni nadra sana katika Ulaya. Pili, ubavuni mwa kanisa hilo palikuwa na shule iliyosifika, na walimu wake wameacha alama zao katika mawe ya jengo lenyewe.

Asili ya Usemi

Usemi huu una umri mkubwa. Mnamo mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia barua Serenus, Askofu wa Marseille. Serenus alikuwa amezivunja picha za kanisani kwake kwa kuchelea kwamba waumini wangeziabudu. Gregori alimsifu kwa kukataza ibada ya picha, lakini akamlaumu kwa kuzivunja. Hoja yake ilikuwa kwamba maandishi humfaa ajuaye kusoma, na picha humfaa vivyo hivyo yule asiyejua. Wanazuoni wa Kanisa waliirudia hoja hiyo kwa karne nyingi, hata ikawa kama methali.

Yafaa tukumbuke, hata hivyo, kwamba Gregori alikuwa akizitetea picha zisivunjwe. Hakueleza kwa kirefu jinsi mtu asiyesoma anavyojifunza asimamapo mbele ya picha hizo. Swali hilo ndilo linalotuhusu sisi walimu, na ndilo tunaloliendea Chartres.

Moto na Ujenzi Mpya

Usiku wa tarehe 10 Juni 1194 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Chartres pamoja na kanisa lake. Upande wa magharibi ulisalimika, pamoja na minara yake 2, milango yake 3 yenye sanamu, na madirisha 3 yaliyo juu ya milango hiyo, yote yakiwa kazi ya karne ya 12. Huzuni ya wenyeji ilizidi kwa kuwa walidhani limeungua pia vazi lililoaminika kuwa la Bikira Maria, ambalo kwa mujibu wa mapokeo kanisa lilipewa na Mfalme Charles aliyeitwa Mwenye Upara mwaka 876. Vazi hilo ndilo lililowaleta mahujaji, na mahujaji ndio waliouletea mji riziki. Lilipoonekana kuwa limesalimika chini ya ardhi, watu waliambiana kwamba Maria mwenyewe alitaka nyumba kubwa kuliko ile iliyoungua.

Kazi ikaanza mara moja. Mawe yalichimbwa katika machimbo ya Berchères, yasiyo mbali na mji. Kwa muda wa kiasi cha miaka 30 mwili wa jengo ulikuwa umesimama, na tarehe 24 Oktoba 1260 kanisa likawekwa wakfu. Ikiwa twakumbuka kwamba makanisa mengine ya aina hii yalijengwa kwa karne mbili au zaidi, tutaona kwamba haraka hiyo ilikuwa ya ajabu.

Hapa hatuna budi kueleza kidogo ufundi wa waashi, maana bila ufundi huo vioo visingepata mahali pa kukaa. Katika makanisa ya kale zaidi, dari ya mawe ilichukuliwa na matao ya mviringo. Tao la mviringo husukuma sana ubavuni, na hivyo huhitaji ukuta mnene wenye madirisha madogo. Waashi wa karne ya 12 waliunganisha mambo matatu: tao lenye ncha, ambalo huteremsha uzito chini zaidi ya kuusukuma pembeni, mbavu za mawe zinazokingamana chini ya dari na kuupeleka uzito kwenye nguzo, na mihimili ya nje, yaani matao yanayoruka kutoka juu ya ukuta hadi kwenye vizuizi vizito vilivyosimama nje ya jengo. Mambo hayo yalipokutana, ukuta haukuwa tena mbebaji wa dari. Ukaweza kutobolewa na kujazwa vioo. Dari ya Chartres iko juu kiasi cha mita 37 kutoka sakafuni, na madirisha ya kanisa ni kiasi cha 176.

Mtindo huu leo huitwa wa Kigothi. Jina hilo lilienezwa na waandishi wa Italia wa karne ya 16, akiwemo Giorgio Vasari, waliotaka kuudharau kwa kuuhusisha na Wagothi, watu walioivamia Roma. Waashi wenyewe hawakulijua. Nao hawakuwa na fomula za hisabati kama wahandisi wa siku hizi; walijifunza kwa kutenda, na mara nyingine kwa kuumia. Katika mji wa Beauvais walithubutu kuinua dari hadi kiasi cha mita 48, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka.

Kioo Kilivyotengenezwa

Ufundi wa kioo twaujua kutokana na kitabu kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 12 na mtawa aliyejiita Theophilus. Yeye aeleza kwamba fundi huchanganya sehemu 2 za majivu ya miti na sehemu 1 ya mchanga safi, kisha huyeyusha mchanganyiko huo tanuruni. Rangi hutokana na madini: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa nyekundu au kijani, na manganizi hutoa zambarau. Fundi huchora mchoro wake wote juu ya ubao mkubwa uliopakwa chokaa. Huviweka vipande vya kioo juu ya mchoro huo, akavikata kwa chuma cha moto, kila kimoja kwa umbo lake. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nyeusi, kisha vioo hurudishwa tanuruni ili rangi hiyo ishike. Mwisho, vipande vyote huunganishwa kwa vijiti vya risasi, vyenye mfereo pande zote mbili, na viungo hufungwa kwa bati.

Basi picha ya kioo imefanywa kwa mamia ya vipande vidogo, na mistari myeusi ya risasi ni sehemu ya mchoro. Nayo haitazamwi kama picha ya ukutani, kwani huonekana kwa nuru ipitayo ndani yake. Asubuhi hung'aa madirisha ya mashariki, adhuhuri ya kusini, jioni ya magharibi. Aingiaye Chartres kwa mara ya kwanza huona giza, na baada ya macho kuzoea, huona rangi zikielea angani. Uzuri huu humgusa kila mtu, awe msomi au asiwe. Lakini kuguswa ni jambo moja, na kufahamu ni jambo la pili.

Dirisha la Msamaria Mwema

Na tusimame sasa mbele ya dirisha moja, upande wa kusini wa ukumbi mkuu, lililotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 13. Hapo chini kabisa waonekana washona viatu wakiwa kazini. Tukipanda, maana dirisha hili husomwa kutoka chini kwenda juu, twamwona Kristo akisema na Mafarisayo. Kisha twamwona msafiri akitoka Yerusalemu. Wanyang'anyi wakimvamia na kumvua nguo. Kuhani na Mlawi wakimpita. Na Msamaria akimfunga majeraha na kumpeleka nyumba ya wageni. Hadithi yatoka katika Injili ya Luka, na mtu aliyepata kuisikia ataitambua bila taabu.

Lakini tukizidi kupanda, mambo yageuka ghafula. Juu ya nyumba ya wageni, Mungu yuaumba Adamu. Baadaye yupo Hawa, tunda laliwa, malaika awafukuza wawili hao kutoka bustanini, na Kaini amwua Habili. Juu kabisa Kristo ameketi katika utukufu. Mtu asiyeelezwa atauliza: je, fundi alichanganya madirisha mawili? Adamu ana uhusiano gani na msafiri wa njia ya Yeriko?

Jibu lake halimo katika kioo. Limo katika mafundisho ya wanazuoni wa Kanisa, waliofasiri kwamba msafiri yule ni Adamu, yaani binadamu wote. Yerusalemu ni bustani aliyoiacha. Wanyang'anyi ni Shetani na jeshi lake. Kuhani na Mlawi ni Sheria ya kale isiyoweza kuponya. Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa. Mwenye ufunguo huu hulifungua dirisha zima, naye huona jinsi kila kisa kinavyokijibu kingine. Asiye nao huona hadithi mbili zilizopandana.

Wahenga wetu walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Huko Chartres mambo yalikuwa kinyume cha hayo. Mtu alipaswa kuambiwa kwanza, ndipo aone. Wala tusisahau kwamba madirisha mengi ya Chartres yako juu mno, hata jicho kali haliwezi kuvipambanua visa vyote, na kwamba maandishi yaliyomo ni ya Kilatini, ambayo umma haukuisema.

Ushahidi wa kuzidi twaupata kwa Abati Suger wa Saint-Denis, karibu na Paris, ambaye upande wa mashariki wa kanisa lake, uliowekwa wakfu mwaka 1144, huhesabiwa kuwa chimbuko la mtindo wa Kigothi. Suger aliandika habari za kazi zake mwenyewe. Akizungumzia mapambo ya altare yake, akiri kwamba kazi hiyo yafahamika na wasomi tu, kwa kuwa macho matupu hayatoshi bila maelezo. Ndiyo maana aliamuru iandikiwe beti za kuifasiri. Ikiwa aliyeiagiza kazi ndiye asemaye hivyo, sisi twaweza kudai zaidi yake?

Walichokijua Wasiosoma

Je, tuseme basi kwamba mkulima na mshona viatu walisimama kanisani kama vipofu? Hata kidogo. Mtu asiyesoma si mtu asiyejua. Watu wa Chartres walizisikia habari za Biblia na za watakatifu katika mahubiri yaliyotolewa kwa lugha yao, katika michezo na maandamano ya sikukuu, katika nyimbo, na katika masimulizi ya nyumbani. Mwaka ulipangwa kwa sikukuu hizo; soko lenyewe lilifuata siku za Maria. Kumbukumbu zao zilikuwa kali kuliko za watu wanaotegemea karatasi. Picha ziliwakumbusha waliyoyasikia, zikayapanga na kuyapa sura. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa sauti ya mtu.

Aidha, zilikuwapo picha ambazo wao walizisoma vizuri kuliko makasisi. Katika mlango wa kushoto wa upande wa magharibi zimechongwa kazi za miezi 12 pamoja na alama za nyota: yupo apunguzaye mizabibu, yupo avunaye nafaka, yupo achinjaye nguruwe, yupo aotaye moto wakati wa baridi. Hapakuhitajika mfasiri hapo. Vivyo hivyo, chini ya madirisha kiasi cha 40 waonekana watu wa kazi za mji: waokaji mikate, wauza mvinyo, wachuuzi wa manyoya, waashi, maseremala, wabeba maji. Mwokaji aliyepita hapo aliziona meza na mikate yake zikiwa chini ya miguu ya manabii.

Kwa muda mrefu wanahistoria walisema kwamba watu hao wamechorwa kwa kuwa ndio waliotoa fedha za vioo, na kwamba kanisa lote lilikuwa tunda la umoja wa mji. Mwaka 1993 mwanahistoria Jane Welch Williams, katika kitabu chake juu ya madirisha ya Chartres, alilitilia shaka jambo hilo. Alionyesha kwamba baraza la makanoni, yaani mapadre waliosimamia kanisa kuu, lilikuwa bwana mkubwa wa ardhi na ushuru, na kwamba picha za watu wa kazi huenda zawaonyesha kama makanoni walivyotaka wawe: watiifu na wakarimu. Shaka hiyo ina msingi. Mwaka 1210, huku ujenzi ukiendelea, watu wa mji walifanya ghasia na kuishambulia nyumba ya mkuu wa baraza hilo, hata mfalme ikambidi kuingilia kati. Hivyo ndivyo ilivyo historia: dirisha latuonyesha amani, na kumbukumbu za mji zatuonyesha ugomvi. Ajuaye dirisha tu amejua nusu.

Hata ndani ya Kanisa walikuwamo walionung'unika. Mnamo mwaka 1125 Bernard wa Clairvaux aliwashutumu watawa waliopamba majengo yao kupita kiasi. Aliuliza kwa uchungu kwa nini kuta za kanisa zing'ae ilhali maskini wake wana njaa. Alikubali kwamba maaskofu walikuwa na haja ya mapambo kwa ajili ya umma. Lakini swali lake halikufa, nalo lingali likiulizwa kila palipo jengo kubwa na watu wadogo.

Sarufi na Mabega ya Waliotangulia

Kabla hatujaondoka Chartres, sisi walimu wa lugha tuna jambo letu la kutazama. Katika mlango wa kulia wa upande ule ule wa magharibi, uliochongwa katikati ya karne ya 12, zimezungushwa elimu 7 zilizofundishwa shuleni: Sarufi, Mantiki, Balagha, Hisabati, Jiometria, Muziki na Falaki. Sarufi ni mwanamke aliyeshika kitabu kwa mkono mmoja na fito kwa mkono wa pili. Miguuni pake wamo wanafunzi wawili, mmoja akiwa na kitabu chake na wa pili akimvuta nywele mwenzake. Mwalimu yeyote aliyepata kusimama mbele ya darasa lenye watoto wengi atatabasamu aonapo jambo hilo, ingawa fito twapenda zibaki katika jiwe.

Katika shule hiyo alifundisha Bernard wa Chartres, ambaye si yule wa Clairvaux. Mwanafunzi wa zama zile, John wa Salisbury, aliyekuja kuwa Askofu wa Chartres mwaka 1176, amesimulia kwamba Bernard alikuwa akiwafananisha wasomi wa wakati wake na mbilikimo waliokaa juu ya mabega ya majitu: huona mbali kuliko majitu hayo, lakini ni kwa sababu wamebebwa. Na katika madirisha ya kusini, yaliyotengenezwa baadaye katika karne ya 13, waonekana Wainjili wanne wamekaa mabegani mwa manabii wanne: Luka juu ya Yeremia, Mathayo juu ya Isaya, Yohane juu ya Ezekieli, Marko juu ya Danieli. Hatuwezi kuapa kwamba fundi wa kioo aliyatoa mawazo yake katika maneno ya Bernard. Lakini aliyeyasikia maneno yale darasani, kisha akainua macho kwenye dirisha, aliona jambo ambalo jirani yake hakuliona, ingawa walisimama pamoja.

Hitimisho

Turudi kwenye usemi tuliouanza nao. Kwa maoni yetu, kuliita kanisa kuu kitabu cha wasiojua kusoma si uongo, ila ni ukweli uliokatwa katikati. Lilikuwa kitabu, lakini kitabu cha kusomewa. Kati ya kioo na macho ya watu palikuwa na msimulizi: padri aliyehubiri, mwenyeji aliyewaongoza mahujaji, bibi aliyemshika mjukuu mkono akamwonyesha Msamaria. Watu hao hawakuchongwa wala kuchorwa, na majina yao yamepotea. Lakini bila wao rangi zile zingebaki rangi.

Mwaka 1939, vita vilipokaribia, vioo vya Chartres viliondolewa kipande kwa kipande, vikafungwa na kufichwa mbali, na baada ya vita vikarudishwa mahali pake. Mwaka 1979 kanisa liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jengo limehifadhiwa, na twashukuru. Masimulizi yaliyoandamana na vioo hivyo hayawezi kufungwa katika masanduku. Sehemu iliyosalia ni ile iliyoandikwa, na ile ambayo watu hawakuacha kuambiana.

Sisi tufundishao Kiswahili mara nyingi hubandika picha ukutani na kuwaambia wanafunzi watazame. Tufanye hivyo, maana picha ni msaada mkubwa. Lakini tusiketi baada ya kuibandika. Tuwasimulie, tuwaulize, tuwape nafasi nao wasimulie wanayoyajua kutoka kwao, kwani huenda katika picha ya mavuno mwanafunzi akawa msomaji bora kuliko mwalimu wake.